Filamu za kutembea na filamu ya kukaa

Ukitaja sizoni za Kikorea hapa Nyarugusu, wazee wanacheka kwanza. Kwao hayo ni mambo ya wasichana kulia mbele ya simu na wavulana kunyoa nywele kama waimbaji. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaziita burudani. Mnaziweka Ijumaa jioni baada ya mpira, halafu zile filamu zinazowahusu wakimbizi mnazitunza kwa ajili ya siku ya semina. Mimi nasema mgawanyo huo umekaa vibaya. Filamu iliyonieleza maisha ya kambi kuliko zote nilizowahi kuona haina hema hata moja ndani yake, hakuna mtu anayeitwa mkimbizi, na imetengenezwa kwa pesa za kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Inaitwa Pachinko.

Wengi mmeiona vipande vipande, ile iliyotafsiriwa. Kwa ambaye hajaiona: sizoni ya kwanza ilitoka Machi 2022 kwenye Apple TV+, sehemu nane, na ya pili ilifuata mwaka 2024, nane nyingine. Inatokana na riwaya ya Min Jin Lee, mwandishi aliyezaliwa Korea akakulia Marekani, na aliyeigeuza kuwa tamthilia ni Soo Hugh. Ni habari za Sunja, binti wa Yeongdo kule Busan, aliyezaliwa wakati Japani inaitawala Korea (utawala huo ulianza 1910 ukaisha 1945). Baba yake ana mdomo wa sungura na anachechemea. Mama yake anapangisha wavuvi sehemu ya kulala na kuwapikia. Sunja anapata mimba ya tajiri wa soko la samaki, Koh Hansu, kumbe huyo ana mke Japani. Mchungaji mmoja mgonjwa wa kifua kikuu, Isak, anamwoa ili kumsitiri, na mwaka 1931 wanavuka bahari kwenda Osaka. Kisha hadithi inaruka hadi 1989. Sunja amekuwa bibi. Mtoto wake Mozasu anamiliki majumba ya pachinko, yaani mchezo wa vigololi vya chuma, ndugu yake na zile mashine za Wachina zinazomeza sarafu za vijana huko mjini. Mjukuu, Solomon, amesoma Marekani na anafanya kazi benki. Vizazi vinne, na bado wako kwa watu.

Hapo ndipo penyewe. Bado wako kwa watu.

Filamu nyingi zinazotengenezwa juu yetu ni filamu za kutembea. Chukua Human Flow ya Ai Weiwei, ya mwaka 2017. Huyu msanii wa China namheshimu. Baba yake, mshairi Ai Qing, alifukuziwa mbali Xinjiang na mtoto akakulia huko uhamishoni, kwa hiyo hakuna wa kumwambia kwamba hajui. Alizunguka nchi 23, akafika hata Dadaab kwa jirani zetu Kenya. Lakini itazame vizuri. Droni inapanda juu, mahema yanakuwa madogo, watu wanakuwa siafu, muziki unalia, halafu tumeshahamia nchi nyingine. Ni zaidi ya saa mbili, na nilipomaliza aliyebaki kichwani mwangu ni mtu mmoja tu, yule Msyria ambaye Ai Weiwei anataniana naye kuhusu kubadilishana pasipoti. Kila mmoja anashika ya mwenzake, wanacheka, Msyria anasema basi chukua na hema langu, Ai Weiwei anasema chukua na studio yangu ya Berlin. Najua serikali yake ilimnyang'anya pasipoti hiyo mwaka 2011 na kumrudishia 2015, kwa hiyo hachezei kitu asichokijua uchungu wake. Hata hivyo, nilipowaonyesha vijana wa kikundi chetu, chumba kizima kilinyamaza. Hawakukasirika, ila utani ule wanaujua kutoka upande wa hema.

Exodus: Our Journey to Europe ya BBC, mwaka 2016, ni bora zaidi. Waliwapa wasafiri simu wajipige wenyewe, kwa sababu kamera kubwa na watu wake hawawezi kuingia kwenye boti ya magendo. Hassan Akkad, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza Damascus, anapiga picha huku boti inaingia maji. Mkono unatetemeka, kioo kinalowa, na mtazamaji unajua kabisa kwamba huyu hajui kama ataishi. Mfululizo ule ulipata tuzo ya BAFTA 2017 na ulistahili. Mwenye safari ndiye ameshika kamera, tungetaka nini zaidi? Tungetaka kitu kimoja tu. Hata walipoutengenezea mwendelezo mwaka 2017, jina lilibaki lile lile, safari inaendelea. Kwa hao watu, mkimbizi ni mtu aliye njiani.

Sisi hatuko njiani, jamani. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa na watoto wake wanaosoma shule hapa hapa. Mama yangu alivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Baraka kwa usiku mmoja. Usiku mmoja tu! Miaka yote iliyobaki ni ya kukaa. Watu wa kamera wakija hapa swali la kwanza ni moja: mlikimbiaje? Mama amelijibu mara nyingi mpaka ana namna yake ya kulijibu, anajua wapi watashusha macho, wapi watamwomba arudie taratibu. Sijawahi kusikia hata mmoja anauliza: mlikaaje?

Pachinko inauliza hilo tu. Safari ya Sunja baharini haizidi sehemu moja. Kinachofuata ni chumba kidogo cha shemeji, mtaa wa Ikaino unaonuka nguruwe na matope, deni ambalo mwanamume ndani ya nyumba anaona aibu kulisema, na mwanamke anayetoka kwenda kuuza saa aliyopewa zamani ili deni liishe, halafu mwanamume anakasirika kwa sababu limelipwa na mwanamke. Nani kati yetu hajui nyumba kama hiyo? Baadaye Isak anakamatwa kwa sababu za siasa, na Sunja anasukuma mkokoteni wa kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, sokoni kwa watu wanaoziba pua wakipita. Mwanzoni sauti haitoki. Kijapani chake ni kibovu. Mwisho anapiga kelele za kuita wateja huku machozi yanashuka, na mwongozaji hakati picha, anakuacha umwangalie. Mama zetu wanaouza dagaa na sombe pale sokoni wakiiona ile sehemu hawalii. Wanasema kwa sauti: mkokoteni ameuweka vibaya, angesogea karibu na njia.

Sasa nije kwenye wali, maana nikiambiwa nichague dakika kumi tu za tamthilia yote nitachagua za wali.

Siku za utawala wa Japani, mchele mzuri wa Korea ulikuwa wa kuwalisha Wajapani. Wakorea wenyewe walikula shayiri na mtama. Sunja amefunga ndoa na kesho anaondoka. Mama yake anakwenda kwa muuza mchele anayejulikana, anaomba auziwe kidogo tu, bakuli mbili za wali, binti aonje ladha ya nchi yake kabla hajaiacha. Mwenye duka anajua akikamatwa ni matatizo. Anasita. Mwishowe anapima, halafu anaongeza kidogo juu ya kile alicholipwa. Baada ya hapo hakuna maneno kwa muda mrefu. Mama anaosha mchele, anautazama kwenye maji, anauweka motoni, anakaa anaungoja. Ni kupika tu, hakuna kingine kinachotokea, na kibanda kizima kilikuwa kimya kama kanisani.

Ukirudi 1989 utaona mwisho wa huo wali. Solomon anataka mwanamke mmoja mzee, Mkorea, auze nyumba yake ndogo ya Tokyo ili benki ijenge. Mzee hataki. Solomon anampeleka bibi yake ili alainishe mambo. Mwenyeji anawapakulia chakula, Sunja anatia wali mdomoni na anabadilika uso. Huu si wa Japani. Umelimwa nyumbani. Karibu miaka 60 imepita na ulimi wake umeutambua mara moja, analia pale pale mezani. Solomon anatafuna tu. Kwake wali ni wali.

Mimi ndiye Solomon. Mama akipata unga wa muhogo, wa kule kwetu, anasonga bugali na kufumba macho kwenye tonge la kwanza. Mimi nasikia harufu tu. Nimekulia unga wa mahindi wa mgao, na ulimi wangu hauna nyumbani pa kukumbuka. Hilo sijawahi kuliona limeandikwa kwenye ripoti yoyote. Watu wa lishe wana hesabu yao ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, nasi wote tunajua siku hizi haifiki huko. Kupigania ifike ni kazi ya maana, siibezi. Lakini hata ingefika yote, hakuna mstari wa kuandika yule mama na bakuli zake mbili. Tamthilia imeuandika, tena bila mtu yeyote kuhutubia.

Kuna jambo la pili ambalo Pachinko inalifanya na ambalo wengi wenu hamkuliona, na sababu ya kutoliona ni tafsiri. Katika toleo lenyewe, maandishi ya chini yana rangi. Wakiongea Kikorea yanakuja ya njano, wakiongea Kijapani yanakuja ya bluu. Ni kitu kidogo, kinaonekana kama urembo. Lakini fuatilia rangi za Solomon na utaona mtu mmoja anaanza sentensi ya bluu, anamaliza ya njano, akigeuka kwa bosi wake Mmarekani anabadilisha tena. Nyumbani kwetu tuna Kibembe cha mama, Kiswahili cha kila mtu, Kifaransa cha shule kwa sababu tunafuata mtaala wa Kongo, Kirundi cha kuombea bei kwa majirani, na Kiingereza cha mashirika. Mtoto wa miaka 10 anapokaa katikati ya mama yake na mhudumu wa kliniki akimtafsiria, anachagua kila dakika kipi akipitishe na kipi akimeze. Kwa miaka mingi niliona hiyo ni kazi ya kawaida ya watoto wa hapa. Zile rangi ndizo zilizonionyesha kwamba ni mzigo.

Sasa dijei anafanya nini? Anaweka sauti yake juu ya zote, na rangi zinakufa.

Nisieleweke vibaya, madijei nawapenda. Bila wao nusu ya kambi isingeona lolote, maana si kila mtu anasoma maandishi yanayokimbia kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Ni fani yenye wazee wake. Tanzania walikuwa na Lufufu kwenye kanda za video, akitafsiri na kuongeza chumvi mpaka watu wanasahau kwamba filamu ni ya Hong Kong. Kuna na njia nyingine, ya kuingiza sauti za waigizaji moja kwa moja, kila mhusika na sauti yake. Tamthilia ya China ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa TBC mwaka 2011 kwa Kiswahili cha namna hiyo, ikawa maarufu kiasi kwamba Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Watu waliipenda kwa sababu ugomvi wa mkwe na mama mkwe hauhitaji pasipoti. Ila pale wote wanaongea lugha moja kuanzia mwanzo. Ukiweka Kiswahili juu yake hujapoteza kitu.

Kwa Pachinko unapoteza. Mfano mzuri ni kikao cha kusaini mkataba. Yule mzee mwenye nyumba amekuja, mabosi wa Kijapani wamekaa, kalamu iko mezani. Anaanza kuongea na Solomon kwa Kikorea, kumkumbusha walivyoishi wazazi, kumuuliza bibi yake angesema nini. Solomon anamjibu kwa Kikorea asisaini. Katika toleo lenye rangi unaona njano imefunga mlango na walio upande wa bluu wamebaki nje, wanatazamana. Kwa mara ya kwanza lugha ya wanyonge ndiyo yenye siri. Katika toleo la dijei, Solomon anasema kwa Kiswahili kikavu, bibi we, usisaini, na mabosi wamekaa hapo hapo hawafanyi kitu kama viziwi. Kibanda kilicheka. Na kweli ilikuwa inachekesha, wala siwalaumu waliocheka. Wameoneshwa filamu nyingine.

Sio kazi ngumu kuirekebisha. Dijei angesema tu, hapa wanaongea kwao, Wajapani hawasikii. Maneno matano yangetosha.

Sehemu ya saba nawashauri muione kabla watoto hawajaingia. Yote inatokea mwaka 1923, tarehe 1 Septemba na siku zinazofuata, tetemeko kubwa la Kanto. Hansu ni kijana wakati huo, yuko Yokohama na baba yake. Ardhi inatulia, halafu kinaanza kitu kibaya kuliko tetemeko. Unaenea uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na wanamgambo wa mtaani wanaanza kuwasaka. Maelfu ya Wakorea waliuawa, hiyo ni historia, siyo tamthilia. Historia inaongeza kitu ambacho najua wazee wa hapa watakielewa bila kufafanuliwa: kwenye vizuizi, watu walilazimishwa kutamka kwa Kijapani kiasi cha fedha, yeni 15 na seni 50, kwa sababu ulimi wa Mkorea huteleza kwenye sauti zile. Aliyeteleza alikufa. Watu wa Fizi, watu wa Bujumbura, nyote mnajua maana ya kusimamishwa barabarani na kuombwa kusema neno.

Jambo la uvumi nalo linatuhusu. Kila ng'ombe anapopotea vijiji vya karibu, kuna mtu anaanza kusema ni wa kambini. Mara nyingi panaishia maneno tu, na majirani zetu wengi ni watu wema, tunanunua na kuuza pamoja. Lakini ile sehemu inaonesha jinsi njia ilivyo fupi kutoka kwenye maneno mpaka kwenye moto, na inaonesha bila muziki wa kukuambia ulie wapi. Kwa upande wa uongozaji ndiyo sehemu iliyo safi kuliko zote. Haina hata ile ngoma ya mwanzo.

Ngoma ya mwanzo, nilisahau kuisema. Karibu kila sehemu inafunguliwa na waigizaji wote, wa 1931 na wa 1989, wakicheza na kucheka ndani ya jumba la pachinko lenye taa za rangi. Bibi anacheza. Yule atakayekufa anacheza. Mpiga picha mmoja aliwahi kuwaambia watoto wa zoni yetu waache kucheka kidogo kwanza. Namtakia aone ule mwanzo.

Pamoja na sifa zote hizo, kuna jambo moja sikubaliani nalo na tamthilia hii, tena sio dogo. Ni Hansu.

Anaigizwa na Lee Min-ho, na kama mna dada nyumbani mnajua jina hilo. Suti nyeupe, kofia, macho. Riwaya niliipata kwa mfanyakazi mmoja aliyekuwa anaondoka, nikaisoma na kamusi pembeni. Kwenye kitabu Sunja ana miaka 16, na Hansu ni mtu mzima mwenye umri wa kuwa baba mdogo wake, ana mke, ana watoto, na hasemi mpaka mimba inaonekana. Kitabu hakimfichi: ni mtu anayenunua. Anaweza kukusaidia na kukumiliki kwa mkono huo huo. Tamthilia inajua hayo yote, lakini kamera inampenda. Kisha inampa sehemu ya saba nzima, ile ya tetemeko, ili tumwonee huruma. Ni sehemu nzuri, nimeshasema, ila imetumika kumwosha mtu.

Naongea hivi kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye kikundi cha wasichana, tulipofika pale Hansu anapomwambia Sunja atamnunulia nyumba, atamtunza yeye na mtoto, ila ndoa haiwezekani, na Sunja akakataa, wasichana saba kati ya kumi na moja walisema Sunja ni mjinga. Mmoja alisema Hansu akija hapa kambini anaenda naye leo hii. Nisicheke na nisiwahubirie, maana hesabu yao ina akili ndani yake. Msichana wa miaka 16 hapa anamjua Hansu. Ana pikipiki, ana duka, mara nyingine ana kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Anakuja na sabuni, taulo za kike, vocha ya simu. Hana sura ya Lee Min-ho. Na dijei, pale Sunja anaposema hapana, akaongeza lake: kosa hilo, mtoto wa maskini unakataa bahati! Kicheko tena.

Tulirudisha nyuma. Tukaitazama bila sauti. Bila dijei na bila muziki, unamwona msichana mwenye uso uliolowa anayesimama wima, na mwanamume mwenye suti ambaye kwa mara ya kwanza hajui aweke wapi mikono. Kim Min-ha, aliyemwigiza Sunja kijana, hafanyi kitu kikubwa. Anapumua tu. Wasichana walibishana mpaka giza likaingia, na sitasema wote walibadili mawazo, hawakubadili. Mmoja aliuliza kwa nini basi tamthilia inamfanya Hansu awe steringi mpaka mwisho. Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba sura nzuri inauza, na pale naona Soo Hugh aliiachia biashara ishike usukani.

Sizoni ya pili sitaikalia sana. Mambo ya Solomon na kulipiza kisasi kwa wakubwa wa benki ni ya kawaida, tumeyaona kwenye tamthilia nyingi, unaweza kuyarusha mbele. Kinachobaki ni Noa, mtoto wa kwanza wa Sunja, aliye mpole, anayesoma sana, anayeingia chuo cha Waseda. Anapogundua baba yake wa damu ni nani, anaacha kila kitu, anakwenda Nagano ambako hajulikani, anachukua jina la Kijapani na kuanza maisha kama Mjapani. Hamwagi mama yake kwa ukweli. Wapo kati yetu vijana waliofanya kama Noa, walitoka siku moja na leo wana jina lingine na kabila lingine. Sitaeleza zaidi, gazeti hili linasomwa na watu wengi.

Na karatasi nazo. Wakorea zaidi ya milioni 2 walikuwa Japani vita ilipoisha 1945. Wengi walirudi, kama laki 6 hivi wakabaki. Mwaka 1952, mkataba wa amani ulipoanza kutumika, waliobaki walivuliwa uraia wa Japani, wakawa wageni katika mtaa waliozaliwa. Kwenye riwaya, Solomon anatimiza miaka 14 na siku hiyo hiyo anapelekwa ofisini kuandikishwa kama mgeni na kuwekwa alama za vidole, yeye aliyezaliwa Yokohama. Tamthilia imeiacha sehemu hiyo na nimeihuzunikia. Hapa mtoto aliyezaliwa zahanati yetu anaweka vidole kwenye mashine akiwa mdogo kuliko hapo, na wazazi wanamvalisha nguo ya Jumapili, maana ni siku kubwa. Ningependa kuona ule mguso wa wino ungepigwaje picha na mtu aliyepiga picha ya ule wali.

Jambo la mwisho, ni la kiufundi na linawahusu wenye vibanda. Sizoni ya kwanza haiishii pale Sunja anapouza kimchi. Baada ya hapo tamthilia inaacha uigizaji na inawaleta mabibi wa kweli, wanane, Wakorea waliokwenda Japani wakiwa wasichana na hawakurudi. Wamekaa kwenye viti nyumbani kwao, wamezeeka sana, wanaulizwa walivyoishi. Yaani wanaulizwa swali lile, mlikaaje, na wanajibu, mmoja mmoja, wengine wanacheka. Kwenye nakala inayozunguka hapa kambini, dijei ameshawaaga watazamaji wakati huo. Anataja namba yake ya simu, anasalimia watu wake, anasema tukutane sizoni ya pili, na nyuma ya sauti yake midomo ya wale mabibi inachezacheza bila kusikika, halafu picha inakatwa.

Nimeyaandika maneno yao yote kwa Kiswahili kwenye daftari, nikitumia maandishi ya Kiingereza. Ni kurasa nne. Mwenye kibanda au dijei yeyote anayezihitaji azichukue bure kituo cha vijana, Jumanne na Alhamisi mchana.